Glasi ya Mgawa Maji

Tarehe 26 Januari 1950 Jamhuri ya India ilitangaza, katika kifungu cha kumi na saba cha Katiba yake mpya, kwamba ile hali ya binadamu kuhesabiwa najisi asiyeguswa imefutwa, na kwamba kuiendeleza kwa namna yoyote ile ni marufuku, na atakayeiendeleza ataadhibiwa kwa mujibu wa sheria. Kifungu ni kifupi. Hakina masharti wala hakimsamehe mtu. Waliokiandika walikuwa watu wenye akili, na aliyewaongoza alitoka katika watu wa aina yetu, tuliohesabiwa hivyo, kwa hiyo alijua anaandika nini.

Masanam alizaliwa mwaka huohuo, Nallankulam, kijiji cha mpunga kusini kabisa mwa nchi ya Watamil. Maana yake ni kwamba kisheria hajawahi kuwa najisi hata kwa mwaka mmoja. Hilo yeye mwenyewe hupenda kulikumbusha, hasa akiwa amekasirika, na amekuwa amekasirika kwa muda mrefu sasa.

Mtaa wetu uko mashariki ya kijiji, ng'ambo ya mfereji. Uko mashariki kwa sababu upepo wa kwetu huvuma kutoka magharibi, na waliokigawa kijiji hapo kale walitaka upepo uwapitie wao kwanza ndipo utufikie sisi. Hekalu liko magharibi. Shule iko magharibi. Kituo cha basi kiko katikati, na hapo ndipo ulipo mgahawa wa chai wa Velayutham, ambao aliurithi kwa baba yake pamoja na birika, benchi na utaratibu wa vikombe.

Utaratibu huo haukuwahi kuwa na siri. Watu wa magharibi waliketi ndani, kwenye benchi, wakanywa kwa glasi, na Velayutham akaziosha. Sisi tulisimama nje, tukanywea vyombo vilivyokaa nje, tukaviosha wenyewe. Chai yetu ilimiminwa kutoka juu ili mkono usikutane na mkono. Velayutham alikuwa na shabaha nzuri sana. Lakini mtu asidhani kwamba mambo yalisimama pale pale. Taifa lilipoendelea, kikombe nacho kiliendelea. Zamani watu wetu walinywea vifuu vya nazi. Bunge lilipotunga sheria ya kuwaadhibu wabaguzi, baba yake Velayutham aliingiwa na hofu ya serikali, akavitupa vifuu akanunua vikombe vya alumini. Mwaka ambao nchi ilirusha setilaiti yake ya kwanza, vikombe vile vilipata misumari yao chini ya makuti ya paa, visiwe vinakaa tena mchangani. Tuliambiwa tushukuru, na wapo walioshukuru.

Masanam alikuwa mgawa maji, kama baba yake na babu yake. Kwa desturi ya kwetu mwenye shamba hagusi mlango wa bwawa. Akiugusa, hata kwa kidole, hekalu humtoza faini, na majirani zake humwangalia kama mwizi mpaka mavuno. Anayefungua na kufunga mlango, anayetembea juu ya kingo na jembe lake akiyapeleka maji jaruba hadi jaruba, lazima awe mtu asiye na shamba, maana asiye na shamba hana la kupendelea. Watu wa magharibi waliona hiyo ni busara kubwa. Na mtu asiyependelea hawakumkosa kamwe, kwa sababu walihakikisha wenyewe kwamba mtaa wetu haupati shamba.

Basi maji yote yaliyootesha mpunga wote uliopikwa katika majiko yote safi ya Nallankulam yalipita kwanza mikononi mwa Masanam. Hakuna aliyeugua. Wakati wa mavuno kila jaruba lilimtolea fungu lake la mpunga, na mpunga huo ndio uliomlisha yeye, mkewe Petchi na binti yao Mari. Hawakuwa na kingine. Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 1997, mwaka wa hamsini wa uhuru, yalikuwa ya hatari kwake kuliko wengi walivyofikiri.

Asubuhi moja ya mwezi Juni, maji ya mto yakiwa yamefika bwawani na upandikizaji umeanza, Petchi alisimama pale kwa Velayutham apate chai kabla ya kuingia majarubani. Alikitungua kikombe msumarini akatia dole gumba ndani akisugue. Ndani alikuwemo nge.

Velayutham alitoa kichwa dirishani aliposikia ukelele.

"Kwani hamtazami?" aliuliza.

"Kikombe chako hiki, ayya," Petchi alisema, amekaa chini, mkono ameubana kwapani.

"Changu vipi na kiko nje? Kilicho nje ni cha nje."

Hakuna aliyetoka ndani kumwinua. Wangemwinuaje? Walimwonea huruma kutoka benchini, kwa maneno mazuri, hadi wanawake wenzake walipomfikia wakampakia kwenye basi kwenda hospitali ya mjini. Alirudi jioni na mkono uliovimba hadi kiwikoni. Mpandikizaji mpunga asiye na dole gumba la kulia hana kazi, na Petchi alikaa nyumbani msimu mzima.

Usiku huo Masanam hakula. Petchi alimtazama akizungukazunguka uani.

"Baba Mari, keti. Kidole kilichovimba ni changu, wewe unavimba nini?"

"Kesho nitakunywa chai ndani."

"Chai iko hapa. Nitakuchemshia kwa mkono wa kushoto."

"Si kiu ninayosema."

"Najua si kiu. Ningekuwa sijui ningekuacha uende. Wakikunyang'anya maji tutakula nini? Glasi?"

Asubuhi Masanam alivaa shati lake la harusi za watu, akaenda kituo cha basi, akaingia ndani, akaketi benchini. Waliokuwa wameketi walisimama, si kwa kumheshimu.

"Habari za asubuhi, ndugu," alimwambia Velayutham.

"Tumekuwa ndugu lini?"

"Tangu tulipoiba ukwaju wa hekalu. Ulipanda wewe, nikaokota mimi. Mlinzi akatuchapa sote kwa fimbo moja, na haikuharibika."

"Masanam, usiniletee matata. Chai yako nitakumiminia. Kikombe chako kiko nje."

"Cha nje kina mpangaji," Masanam alisema. "Nipe kwenye glasi."

Wawili watatu walicheka kabla hawajakumbuka wao ni nani. Sankaralingam hakucheka. Alikuwa mlangoni anasoma gazeti, mwenye majaruba yote yaliyo karibu na bwawa na mkuu wa baraza la hekalu. Kwa umri Masanam angeweza kuwa mjomba wake. Lakini kwetu umri nao hukaa magharibi: mtoto wa kule humwita mzee wa kwetu kwa jina tupu, na mzee humwitikia "ayya", yaani bwana.

"We Masanam. Inuka hapo."

"Nikishakunywa, ayya, nitainuka. Hata ninyi huinuka mkishakunywa."

"Nani amekufundisha maneno haya?"

"Nge."

Velayutham alimtazama Sankaralingam, akalitazama birika, akaamua kwamba chai imekwisha. Iliwaishia wote kwa pamoja. Masanam aliendelea kuketi penye benchi tupu hadi saa ya maji, kisha akaenda kufungua mlango wa bwawa kama kawaida, maana mpunga haukumkosea.

Jioni baraza la hekalu lilikaa. Masanam aliitwa asimame nje ya ukuta, mahali petu pa siku zote, akaambiwa alale kifudifudi aombe radhi na alipe faini. Akajibu kwamba shati lake ni safi na hana lingine. Wakakasirika, na katika hasira wakakata kila kilichotuunganisha na magharibi: dukani tusiuziwe, mashineni tusisagiwe, kisimani kwenye njia ya shule tusipite, wanawake wetu wasipandikize, waletwe wengine kwa lori. Na katika pumzi hiyohiyo wakamwondoa Masanam kwenye maji. Hakuna aliyefikiri. Walikuwa kama mtu anayekipiga chungu teke kwa ghadhabu, kisha akakumbuka kwamba wali wake ulikuwa humo.

Ni haki kusema kwamba hakuna aliyempiga Masanam. Jambo hilo lilisifiwa baadaye kwa maandishi.

Alikwenda polisi. Sheria ipo, na ni kali. Sheria zetu juu ya jambo hili zingemtosha mtu kuezekea nyumba. Inspekta alimsikiliza kwa makini, akataka kujua ni kikombe gani hasa, kilikuwa cha nani, na kama kuna aliyemlazimisha mkewe kukishika.

"Na huyo nge yuko wapi?"

"Walimkanyaga, bwana."

"Basi umeua shahidi," inspekta alisema, na makonstebo wakacheka vizuri, bila chuki. Wakampa maji ya kunywa. Walimmiminia viganjani.

Njaa ilipoingia mtaani kwetu haikuchagua shujaa wala mwoga. Kwenda sokoni mjini na kurudi kulimeza siku, na kibarua kilichokuwa cha karibu kilihamia mbali. Bibi Sornam, jirani yao, ambaye alifiwa na mume na meno mwaka mmoja, alikuja hadi mlangoni kwa Masanam na sufuria tupu.

"Mwanangu, hiyo chai yako tumeinywa sote," alisema. "Ni chungu."

"Niende nikalale kifudifudi, mama?"

"Nimesema ni chungu. Sijasema uiteme." Akamnyooshea Petchi sufuria. "Kama kuna uji, nitilie. Kama hakuna, nitakaa tu hapa nimtukane Sankaralingam. Nyumbani sina wa kunisikiliza."

Huko magharibi nako mambo hayakuwa mazuri, kwa sababu mlango wa bwawa ulikuwa umefungwa, na hapakuwa na mkono wa kuufungua. Walimtumia ujumbe Irulappan, mgawa maji wa kijiji cha pili. Irulappan akajibu kwa heshima zote kwamba atakuja, ila njia ni ndefu, kwa hiyo akifika atapenda kupumzika kidogo benchini kwa Velayutham na kunywa glasi moja ya chai. Hawakumtumia ujumbe wa pili.

Ndipo baraza la hekalu likagundua kwamba desturi ya mababu inaweza kupindishwa, mradi isipindishwe kuelekea mashariki. Wakampa mpwa wa Sankaralingam aushike mlango. Kijana alifungua maji, na maji, kwa namna ya ajabu, yakawa yanachoka yakifika mwisho wa mashamba ya mjomba wake. Ponnaiah, ambaye majaruba yake yako mkiani mwa mfereji, alivumilia hadi udongo wake ulipoanza kupasuka. Kisha akaenda bwawani na wanawe na majembe. Siku hiyo watu wa magharibi walipasuana vichwa wao kwa wao juu ya kingo, na damu ikaingia katika maji yaleyale ambayo eti kivuli changu kingeyatia unajisi. Wote walikuwa wa usafi mmoja.

Vichwa vya watu wale vilipofikishwa hospitali, serikali ilifika Nallankulam. Ofisa wa tarafa alikuja kwa jipu, mtu mnene mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Agosti kumi na tano ilikuwa karibu, sikukuu ya nusu karne, na wilaya ilikuwa imeahidi kwamba siku hiyo itatangaza haina tena mgahawa hata mmoja wenye vikombe vya namna mbili. Kijiji chenye vita vya maji na kesi ya kikombe kingelichafua tangazo. Kwa hiyo akaketi chini ya turubai, akatuita sote, na kwa mara ya kwanza tukawekewa mkeka upande uleule wa watu wa magharibi, kwenye ncha yake.

"Masanam," alisema, "bwana Sankaralingam na bwana Ponnaiah wamekubaliana jambo moja tu, kwamba hawaaminiani. Wanakuamini wewe. Rudi kwenye maji."

"Watu wanaoniamini na mpunga wao wote," Masanam akasema, "wananiogopa na glasi."

"Unataka nini?"

"Chai. Ndani, benchini, kwenye glasi inayokaa na glasi nyingine. Si siku ya picha peke yake. Kila siku, na kila mtu wa mtaa wetu. Wakinipa hiyo, nitafungua maji."

"Na usipopewa?"

"Mpunga ni wao, bwana."

Ofisa alimgeukia Sankaralingam. Sankaralingam alimgeukia Ponnaiah, ambaye kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji kama kilemba cha bwana harusi.

"Mimi nina wiki moja kabla mpunga haujakauka," Ponnaiah alisema. "Mnyweshe hata birika lenyewe."

Yakakubaliwa, yakaandikwa, wakatia sahihi. Petchi aliponong'onezwa habari hizo aliuliza kama na Velayutham ametia sahihi, akaambiwa Velayutham ni mtu mdogo, sahihi yake haihitajiki. "Hm," alisema.

Agosti kumi na tano bendera ilipandishwa kituo cha basi. Palikuwa na peremende, spika, na mpigapicha wa gazeti la mjini. Ofisa alisema nusu karne ni umri wa taifa kukomaa. Alisema Nallankulam ni kijiji cha mfano, na kwamba jambo lililo kubwa kuliko yote ni kuwa hakuna aliyepigwa. Kisha akamshika Masanam bega, tena kwa kiganja kizima, tuliona sote, akamwongoza ndani hadi benchini. Velayutham alimimina. Glasi ilikuwa mpya. Masanam aliishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwenye birika. Picha ipo. Kulia kwake yuko Sankaralingam, anatabasamu, naye ameshika glasi. Ukiitazama picha kwa makini utaona ya Sankaralingam imejaa.

"Ilikuwaje?" tulimuuliza alipotoka.

"Sukari nyingi," alisema. Tulicheka sana. Hatujawahi kucheka vile tena kwa pamoja. Bibi Sornam alitaka naye aingie saa hiyohiyo, tukamwambia asubiri wageni waondoke, kesho ataingia kwa nafasi. Masanam akaenda bwawani, watu wote nyuma yake, akafungua maji. Jioni yalikuwa yamefika kwa Ponnaiah.

Kesho yake asubuhi alikwenda kunywa chai na Bibi Sornam. Benchi halikuwepo.

"Limepelekwa kwa fundi," Velayutham alisema. "Mguu ulilegea. Wageni wengi jana."

"Tutasimama. Tupe chai."

"Chukueni glasi." Akaonyesha kwa kidevu.

Glasi ya jana ilikuwa imefungwa kamba shingoni, inaning'inia nje, kwenye msumari uleule. Kikombe cha alumini kilikuwa kimeondolewa.

Masanam aliigeuza kwa kidole kwenye kamba yake. "Tulikubaliana glasi, ndugu."

"Si glasi hiyo? Au macho yangu?" Velayutham hakuinua uso. Sauti yake ilishuka. "Masanam, mimi nauza chai. Wakiacha kuja wale ishirini, nitawauzia ninyi wenye nini? Wameniambia nichague. Usinifanye nichague."

"Umeshachagua."

"Inaoshwa vizuri," Velayutham alisema. "Ukiiosha."

Bibi Sornam alimtukana Velayutham, mama yake Velayutham, na bilauri zote tangu ya kwanza kutengenezwa duniani. Masanam alitoka pale akaenda moja kwa moja bwawani, akafunga mlango wa maji, akaichomoa nondo ya kufungulia, akaketi juu yake.

Na hapa lazima niwe mwaminifu kwa polisi wetu, maana huwa tunawasema kwa kuchelewa. Kabla jua halijafika utosini walikuwa wamekwisha fika, gari zima. Safari hii hawakuuliza ni nondo gani hasa, ilikuwa ya nani, wala kama kuna shahidi aliyekanyagwa. Walimwinua kwa nywele. Petchi, ambaye alikuwa amemletea maji, alisukumwa akaangukia ule mkono. Kosa liliandikwa: kuzuia maji ya umma, na kuchochea uhasama kati ya jamii zilizokuwa zikiishi kwa amani.

Ofisa wa tarafa alikuja kumwona mahabusu. Alikuwa na huzuni ya kweli.

"Umeniangusha, Masanam. Mimi nilikupa chai."

"Nenda kaone ilipo, bwana. Hatua chache tu kutoka jipu lako."

"Glasi si umepewa?"

"Nimepewa."

"Basi hayo mengine ni mambo ya mioyo," ofisa alisema. "Mioyo haibadilishwi kwa mabavu. Inahitaji muda."

"Mlango wa bwawa mmeufungua kwa mabavu," Masanam akamwambia. "Haukuhitaji muda."

Ofisa aliandika kitu kwa kalamu moja, akakifuta kwa nyingine, akaondoka. Tangazo la wilaya lilikuwa limekwisha kutolewa, na tangazo likishatolewa ni vigumu kulirudisha, hasa likiwa zuri.

Idara ya maji ilileta mlango wa chuma wenye kufuli. Kazi ya mgawa maji ikaisha Nallankulam, na fungu la mpunga likaisha nayo. Ufunguo unakaa serikalini, yaani kwa Sankaralingam. Ponnaiah aliendelea kulima vumbi kwa misimu michache, kisha akauza shamba. Aliyelinunua hahitaji kutajwa. Kesi ya Masanam ilimchukua mahakamani na kumrudisha mpaka viatu vikaisha na nywele zikawa nyeupe, halafu hakimu akamwachia kwa kukosekana ushahidi. Shauri la nge halijaonekana mpaka leo. Alibeba matofali mjini, akalinda ghala la mtu, akamwoza Mari mbali, kwa makusudi, katika jiji ambalo watu hawajui mtaa wa mtu uko upande gani wa upepo. Mari husema huko nako huuliza, ila huuliza kwa Kiingereza.

Velayutham alifariki. Mwanawe Kumaresan amekarabati mgahawa: vigae, feni, televisheni, mashine ya chai inayotoa mvuke kama treni. Ni kijana msomi, na glasi ya msumarini aliiondoa mwenyewe siku ya kwanza. Kwa watu wa nje sasa kuna vikombe vya karatasi, ambavyo mtu akishakunywa hutupa, na hakuna haja ya mwenye mgahawa kuvigusa tena. Ndani wanatumia glasi. Kumaresan anasema ni mambo ya afya.

Mwaka ambao chombo chetu kilitua kusini mwa mwezi, mahali ambapo hakuna taifa lililowahi kufika, kijiji kizima kilijaa pale kutazama. Masanam alikuwa dirishani, upande wa nje, na chai ya Petchi katika chupa yake, ambayo hupita nayo pale kila siku ili ionekane. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu. Watu walipiga makofi, akapiga na yeye.

"Wamegusa," kijana mmoja wa ndani alisema, macho yakimlenga.

"Huko mwezini," Masanam akajibu, "bado hawajajua nani ni nani."

Wilaya ilikuwa imeipa Nallankulam cheti kwa yale ya 1997. Kina muhuri, kina simba wa serikali, na maneno ya kifungu cha kumi na saba yamenakiliwa humo kwa Kitamil kizuri. Kimewekewa fremu na kioo, na Kumaresan hukifuta vumbi. Masanam anajua kusoma, alifika darasa la tano, lakini hicho hajakisoma. Kimetundikwa ukuta wa ndani, juu ya mashine ya chai, na kutoka nje herufi hazionekani.